Sanduku Lililofika Buffalo

Mwaka 2015, mvua za Aprili zilinikuta Louisville, nyumbani kwa mwanangu wa kiume katika mtaa wa Beechmont. Kwa kawaida ninaishi Columbus kwa binti yangu, lakini mjukuu alikuwa amezaliwa na mwanangu alikuwa anafanya kazi ghalani saa nyingi kuliko anazolala, kwa hiyo nilikwenda kumbeba mtoto ili mama yake apate kuoga. Mke wa mwanangu ni Mkongomani wa Bukavu. Kiswahili chake na changu ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, lakini tunaelewana, na chai yake ina tangawizi ya kutosha. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Asubuhi moja aliingia jikoni bila kuvua viatu, jambo ambalo halifanyi kamwe.

"Papa, kuya uone. Ule muzee muzungu wa pembeni iko na mamashini yako ku gazeti."

"Mashine gani?"

"Bon, zile unatuambiaka kila siku. Za Angleterre. Zenye kuvutaka makaa."

Jirani yetu alikuwa dereva mstaafu wa treni za mizigo. Mvua ilikuwa imeingia kwenye chumba chake cha chini ya nyumba na kulowesha magazeti, naye alikuwa ameyaanika kwenye kamba uani, kila moja na vibanio viwili, kama soksi. Yalikuwa magazeti madogo ya chama cha Wamarekani wanaopenda reli za Uingereza. Sikujua kwamba watu kama hao wapo. Nilipita katikati ya zile kurasa zinazodondosha maji, nikitabasamu, kwa sababu vichwa vya treni vya ujana wangu vilikuwa vimening'inia kila upande: vya buluu, vya kijani, vyenye uso wa njano. Nilivitambua kama mtu anavyowatambua ng'ombe wa nyumbani kwao.

Kisha nikaiona baiskeli yangu.

Ilikuwa imeegemezwa kwenye uzio, upande wa kushoto wa picha, na tandiko lake nililolifunga kwa utepe mweusi. Katikati kulikuwa na kichwa kimoja cha treni peke yake, bila mabehewa, na mtu amejitokeza dirishani anapunga mkono. Ile picha niliipiga mimi. Chini yake palikuwa na jina la mtu mwingine, na jina hilo nililijua.

Inanibidi nirudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, shirika la reli la kwetu Kenya lilinituma kaskazini mwa Uingereza kwa miaka miwili, nikajifunze kutengeneza injini za dizeli. Karakana yetu ilihudumia treni zilizobeba makaa ya mawe kutoka migodini kwenda kwenye mitambo ya umeme. Kazi ilikuwa chafu na niliipenda. Jumapili, baada ya ibada, nilichukua baiskeli na kamera ya mtumba nikaenda kusimama kando ya reli. Pale niliwakuta wanaume wazima wenye chupa za chai na madaftari, waliokuja kuandika namba za vichwa vya treni kwa kuvipenda tu. Mmoja alinifundisha kupiga picha: jua liwe nyuma yako, chagua nguzo, usibonyeze mpaka treni ifike kwenye ile nguzo. Alinifundisha kungoja. Sikujua kwamba somo hilo ningelitumia kwa jambo jingine.

Nilikuwa nikikaa chumba kimoja na Mkenya mwenzangu aliyekuwa anasomea uhasibu. Alikuwa mtanashati, mwenye kusema na watu kwa upole, na hakupenda harufu ya dizeli. Ovaroli yangu aliitundika nje ya dirisha hata wakati wa theluji, na asubuhi niliivaa ikiwa imekakamaa kama ubao. Karakana hakufika hata siku moja. Lakini usiku, kila mtu akiwa kitandani kwake, alikuwa akiniuliza, "Haya fundi, leo kulitokea nini?" Nami nilimsimulia.

Muda wangu ulipokwisha nilirudi nyumbani kwa ndege. Vitabu vyangu, pamoja na bati la biskuti lililojaa slaidi zangu zote, niliviweka katika sanduku la mbao ambalo mwenzangu huyo alikubali kulipeleka bandarini. Miezi ikapita. Akaniandikia barua kwamba sanduku limepotelea bandarini, kwamba amekwenda mwenyewe mara mbili kulitafuta, amesimama kwenye mvua, amegombana na makarani. Nilimjibu kumshukuru. Si hivyo tu. Nina daftari la watu ninaowaombea, na tangu barua ile jina lake lilikuwa humo. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyesimama kwenye mvua kwa sababu yangu, kila Alhamisi, miaka zaidi ya arobaini. Baadaye nilisikia amehamia Amerika. Nikaongeza maombi ya safari njema.

Sasa nilikuwa uani kwa Mzungu, Louisville, Kentucky, gazeti nimelitoa kambani, nikisoma maneno chini ya picha yangu. Yalisema: "Hapa inanijia, na dereva ananipungia mkono, maana siku ile kutwa nilikuwa naye kibandani."

"Huyo!" jirani akasema alipoona ninasoma. "Huyo ni hazina. Mwafrika mwenzako, fundi wa reli. Anaishi Buffalo. Kila Oktoba anatuonyesha slaidi zake."

Nilimrudishia gazeti kwa mikono miwili. Nikasema ningefurahi sana kumsikia.

"Twende basi! Mimi naendesha. Columbus iko njiani, nitakuchukua."

"Mungu akubariki," nikamwambia. Nilimaanisha, ingawa kwa sababu ambayo hakuijua.

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ua na mtoto mgongoni. Aliniangalia nikirudi.

"Papa, donc, furaha gani hii isiyokuwa na meno?"

Nilimwambia ninajisikia vizuri. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimejisikia vizuri namna ile tangu mke wangu afariki.

Lazima nieleze nilichokiona katika picha ile, kwa sababu miezi sita iliyofuata nilikitunza kama mtu anavyotunza kisu. Vichwa vile vya treni vilikuwa na kibanda cha dereva upande mmoja tu. Upande wa pili ni boneti ndefu. Mtu asiyevijua akitazama picha, huona kibanda na dirisha na uso wa mtu, akadhani hapo ndipo mbele. Lakini kichwa kile kilikuwa kimetanguliza boneti. Kilikuwa kinakwenda zake. Mtu aliyejitokeza dirishani hakuwa dereva, alikuwa msaidizi wake, tuliyekuwa tukila naye mikate ya mchana kwenye benchi moja, na alikuwa amegeuka nyuma kuniaga kwa sababu ilikuwa siku yangu ya mwisho. Na chini ya dirisha, upande wa kulia, kuna taa nyekundu ndogo imetundikwa kwenye chuma. Ile ni taa ya mkia. Kila treni Uingereza ilibeba moja nyuma kabisa, na mwongoza ishara za reli hakuruhusu treni nyingine kupita mpaka aione ile taa kwa macho yake, ajue kwamba yote imefika na hakuna behewa lililobaki njiani. Fundi wa siku ya kwanza anaijua. Mpenzi wa reli aliyekaa maisha yake yote Ohio anaijua. Mhasibu haijui.

Niliporudi Columbus sikuandika barua, sikupiga simu. Binti yangu, ambaye ninakaa naye karibu na barabara ya Morse, alinisikia bafuni nikijizoeza.

"Baba, unaongea na nani humo ndani kwa Kiingereza?"

"Najiandaa."

"Kwa nini? Umeitwa kortini?"

Ikabidi nimweleze. Alizima jiko, akakaa. Yeye ni muuguzi, husikiliza mpaka mwisho.

"Baba, wewe umekuwa mzee wa kanisa tangu sijazaliwa. Wewe ndiye uliyetufundisha hatua tatu. Mtu akikukosea, kwanza mwendee peke yako. Asiposikia, nenda na mashahidi wawili. Akikataa hao, ndipo uliambie kusanyiko. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na wewe unaanza na ngapi?"

"Na ya tatu."

"Na hilo hata si kusanyiko la kanisa! Ni wazee wa Kizungu na treni zao!"

Nilizifundisha hatua zile Nakuru miaka thelathini, nikawapatanisha kwa hatua hizo ndugu waliogombania mashamba na wake wenza waliogombania masufuria. Ni hatua nzuri. Shida yake ni kwamba ya kwanza humpa mwenye kosa nafasi ya kutubu kimya kimya, na mimi sikutaka atubu kimya kimya. Nilitaka aanguke mahali alipojijengea jina, mbele ya wale wale waliompigia makofi. Na nilitaka bati langu. Yapo maombi ya kale katika Maandiko ambayo kanisani kwetu hatuyasomi kwa sauti, ya mtu anayemsihi Mungu amshughulikie adui yake. Majira yale ya joto niliyasoma yote, na mengine nikayarudia.

Kisha binti yangu akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

"Nikiwa darasa la nne nilisema darasani kwamba babangu alitengeneza treni Ulaya. Mwalimu akauliza, picha iko wapi? Nikasema zilipotea baharini. Akacheka. Akasema labda treni zenyewe alizifagia tu. Darasa zima likacheka." Akanyoosha kitambaa cha meza. "Baba, mimi pia nilidhani ulizifagia. Hadi leo."

"Na mama yako?"

"Mama alisema, mwache baba yenu na treni zake."

Usiku ule sikusoma maombi yoyote. Niliona hayahitajiki tena.

Oktoba jirani alinichukua kwenye maegesho ya duka la vyakula vya Kiafrika hapo Northland, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka. Binti yangu alinipa chapati nane zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha na kuniambia, "Baba, mwendee peke yako kwanza. Tafadhali." Nilimwambia nimemsikia. Jirani alikula chapati sita kabla hatujafika kwenye ziwa kubwa la njiani. Njia nzima alinisimulia miaka yake ya kuvuta mizigo, breki zilizoganda, kulungu relini, nami nilimpenda, na niliona haya kidogo kwamba namtumia kama basi.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa jengo la zamani la matofali, Jumamosi alasiri. Viti vya kukunja, kahawa kwenye birika kubwa, watu kama hamsini hivi, wengi wana mvi, kofia zao zimejaa beji za treni. Nilikaa safu ya mwisho, kofia yangu nikaishusha.

Aliingia, na ukumbi ukampigia makofi kabla hajasema neno. Alikuwa amenenepa vizuri. Nywele nyeupe, kizibao, na saa ya mfukoni yenye mnyororo, kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kukivaa karibu na injini akabaki na vidole vyote. Akazima taa. Akaanza.

Nilikuwa nimejiandaa kuona picha zangu. Sikuwa nimejiandaa kusikia maisha yangu. Alisimulia siku nilipoangusha spana ndani ya injini na msimamizi akaniambia niiombe msamaha kwa sauti, mbele ya wenzangu, nami nikaiomba. Alisimulia ovaroli iliyoganda ikasimama yenyewe ukutani. Ovaroli! Aliyeitundika nje ni yeye! Alisimulia mama mmoja wa kantini aliyenifichia kipande cha mwisho cha keki kila Ijumaa. Yale yote niliyomnong'oneza gizani kutoka kitanda cha pili, aliyasema kwa "mimi", na watu walicheka panapostahili, na lililoniuma kuliko yote ni kwamba aliyasimulia vizuri kunishinda. Hata mimi nilicheka mara moja, kabla ya kujikamata.

Na picha zilipita ukutani, kubwa kama nyumba. Vichwa viwili vimeunganishwa boneti kwa boneti, vikivuta treni nzima ya makaa chini ya theluji. Moshi ukipanda karakanani asubuhi. Rangi zilikuwa hazijafa. Nilimshukuru Mungu kwamba macho yangu bado yanaona, na nikamwomba anipe sauti.

Ikaja ile picha. Akasema yale yale ya gazetini: inakuja, dereva anamsalimu.

Nikasimama. Nilisema kwa Kiingereza, polepole, kama nilivyojizoeza bafuni: "Samahani, bwana. Nina swali moja. Hiyo ilikuwa inakuja, au inakwenda?"

"Inakuja, rafiki," akasema kwa uchangamfu, bila kuniona vizuri gizani. "Unamwona dereva? Ananitazama mimi."

"Una hakika?"

"Nilikuwepo!" Watu wakacheka naye.

"Basi tueleze," nikasema, "kwa nini imebeba taa ya mkia mbele."

Kisha viti vikaanza kukwaruza sakafu. Jirani yangu wa Louisville ndiye aliyekuwa wa kwanza kuufikia ukuta. Aliinua miwani, akaweka kidole chake ukutani, karibu na ile taa nyekundu. Wengine wanne watano wakamzunguka. Nilisikia mmoja akisema, "Ni kweli. Inaondoka." Mwingine akasema, "Mtu aliyeshinda kibandani angejua." Hakusema kwa ukali.

Mtu akawasha taa za ukumbi. Mwenzangu alinitazama, nami nikavua kofia.

"Ndugu yangu," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Sanduku lilifika?"

"Tuzungumze nje, bwana. Wazungu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Wamekuja kuangalia."

"Nakuomba. Kwa jina la Yesu."

"Usimlete Yesu, yeye hakubeba sanduku. Waambie. Kwa Kiingereza, wasikie wote. Picha ni za nani?"

Alishika meza. Nilimwona akitafuta uongo mwingine, na nilimwona akikosa, na sitadanganya katika maandishi haya: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama maji baada ya kufunga siku tatu. Akawageukia watu wake akasema picha si zake. Akasema ni za bwana yule aliyesimama nyuma. Akasema hajawahi kufanya kazi ya reli siku hata moja ya maisha yake. Bibi mmoja aliyekuwa ameshonea kofia yake beji ya kila stesheni ya Yorkshire alianza kulia. Jirani yangu alinijia, akanitazama kwa muda mrefu.

"Ulijua tangu Aprili," akasema.

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Ungemwonya," nikasema. Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, lakini jioni ile kwenye moteli hakunisimulia habari yoyote ya treni.

Jumapili mchana, baada ya ibada, mwenzangu alitukaribisha nyumbani kwake. Jirani hakutaka kuingia, alikaa garini na gazeti lake. Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao, safi mno. Mkewe amefariki, watoto wako majimbo mengine. Bati la biskuti lilikuwa mezani limeshafunguliwa. Kifuniko kilikuwa na picha ile ile ya farasi, imebabuka kona. Ndani, slaidi zimepangwa vizuri kuliko nilivyoziacha, kila moja kwenye fremu yake nyeupe ya kadi, na juu ya kila fremu, kwa mwandiko mzuri wa mhasibu, jina lake.

Alisema bila kuulizwa. "Bandarini sikwenda hata mara moja. Nilichelewa tu mwanzoni. Kisha nikaona haya kwa kuchelewa, nikaandika ile barua. Kisha nikaja huku. Nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka hospitalini, bwana, miaka minne, na hakuna mtu aliyeniuliza hata jina. Siku moja nikaona tangazo la watu hawa. Nikaingia kwa sababu ya joto tu, nje kulikuwa na baridi. Wakaniuliza, wewe unazijua treni? Nikasema ninazo picha. Wakanipa kiti cha mbele." Akajifuta macho. "Hawakuniuliza kama nilizipiga. Nilipokuja kujua wanadhani hivyo, nilikuwa nimeshazoea kiti."

Niliisikia habari ile, na najua kwamba mtu mwingine angelia naye. Nilijua upweke anaousema, mimi pia nimekaa dirishani barabara ya Morse nikihesabu mabasi. Lakini nilimfikiria mwalimu wa darasa la nne, na mke wangu akisema mwache na treni zake. Yeye alipewa kiti cha mbele kwa maisha yangu, nami nyumbani kwangu nikapewa ufagio.

"Nimekosa," akasema. Alishuka kwenye kiti akapiga magoti, pole pole, akishikilia meza, mzee wa zaidi ya miaka sabini. "Nisamehe, ndugu yangu. Tuombe pamoja."

Najua linalopasa kufanywa mtu akipiga magoti. Nimewaambia wengine mamia walifanye, wakalifanya, wengine wakilia.

"Inuka," nikasema. "Una kalamu?"

Alidhani nataka kumwandikia kitu. Akaleta kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba. Nikamvutia bati mbele yake.

"Kata jina lako. Andika langu. Kila moja."

"Zote? Ni karibu mia mbili."

"Uliandika lako kwenye zote. Hukuchoka."

Akakaa. Akachukua ya kwanza, akakata mstari, akaandika jina langu. Nikaishika kwenye mwanga wa dirisha, nikamwambia ni wapi, mwezi gani, treni ilibeba nini, nani alikuwa dereva na kama alikuwa mlevi au mcha Mungu, naye akaandika mahali na mwezi chini ya jina. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Nikitaja jambo alilowaongopea watu, alisimamisha kalamu akasema, "Kumbe," nami nikasema, "Ndiyo, kumbe. Andika." Nilipika chai jikoni kwake nikampa, kwa sababu mimi si mkatili, na kwa sababu mkono wenye baridi huandika vibaya.

Jua lilihama kutoka meza hadi sakafuni. Vidole vyake vilianza kujikunja. Alivinyoosha kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemenya ndizi.

"Ndugu yangu, nina ugonjwa wa viungo."

"Pole sana. Pumzika kidogo, kisha uendelee."

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Lini?"

Nilimjibu ukweli, maana ilikuwa Jumapili. "Sijui. Ninaomba nipate kutaka. Kwa sasa sitaki. Hii hapa ni ya Februari, makaa, mvua ya mawe. Andika Februari."

Mlango uligongwa. Jirani yangu alisimama kizingitini, kola imeinuliwa, upepo wa ziwa ukiingia naye. Aliangalia meza, akaangalia mkono wa yule mzee, akaniangalia mimi.

"Njia ni ndefu," akasema. "Bado ngapi?"

Nikahesabu zilizobaki. "Hamsini na kitu."

"Nadhani ameelewa."

"Najua ameelewa," nikasema. "Wewe nenda, rafiki yangu, usichelewe. Umenitendea wema mkubwa na sitausahau. Mimi nitapanda basi kesho."

Alisubiri kidogo kuona kama nitabadili nia. Kisha akafunga mlango taratibu, na tukasikia gari likiwaka na kuondoka. Mwenzangu alikuwa ameweka kalamu chini. Alinitazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

Nilivua koti langu nikalitundika nyuma ya kiti. Nilimwongezea chai. Nilipokaa, alichukua kalamu, akavuta slaidi nyingine karibu, akakata jina lake.